Kunjo la Tano

9 Aprili

Mwalimu Mkuu,

Aibu yako! Sianzi kwa salamu, salamu ni za watu walionyooka. Nani alikutuma kunyofoa kurasa za kitabu cha watoto? Na usiniambie ni panya. Panya hatoi kurasa kumi na sita akafunga na uzi kifundo.

Binti yako amefika hapa na begi lake la likizo, akatoa kitabu cha sayansi. "Bibi, kinalegea, nishonee." Nikakitupia jicho mgongoni, hata miwani sijavaa. Umesahau mama yako amekaa miaka thelathini na moja kiwanda cha uchapaji, idara ya kushona vitabu? Darasa la nne sikumaliza, lakini kitabu nakisoma mgongoni kabla wewe hujakifungua. Karatasi kubwa inakunjwa inakuwa kunjo moja la kurasa kumi na sita. Kila kunjo lina alama nyeusi mgongoni, na makunjo yakipangwa sawasawa alama zinashuka kama ngazi. Kitabu hiki kinashuka vidato vinne, halafu shimo, halafu kinaendelea. Kunjo la tano halipo. Na halikuchanwa. Uzi umekatwa katikati, karatasi zikavutwa taratibu, uzi uliobaki ukafungwa ili mengine yasidondoke. Mkono ule naujua. Niliufundisha mimi, una miaka tisa, umekaa chini ya meza yangu ya kazi unalamba gundi.

Na kwa ujanja wako wote umesahau ukurasa wa yaliyomo. Nimeufuata kwa kidole: "Sura ya sita, Mwili Unaokua, ukurasa wa 65." Umebomoa chumba, kibao umekiacha mlangoni.

Sasa sikia kazi yako ilivyozaa. Juzi asubuhi mtoto kajifungia bafuni anafua sketi ya shule. Likizo, sketi ya shule! Nagonga, hafungui. Jana alasiri namwona mtoto wa jirani anapita na kopo la kompasi la mwanao na kalamu zake za rangi. "Nimepewa," anasema. "Kasema hazihitaji, harudi shule." Nikamkalisha mwanao kitandani kwangu. Akanitazama, macho makavu kabisa. "Bibi, nina ugonjwa wa mama. Damu. Usimwambie baba, atalia."

Umesikia? Siku mbili nzima mtoto wa miaka kumi na mbili alikuwa anajiandaa kufa, ndani ya nyumba yangu, huku ananioshea vyombo.

Nimemweleza, bila kupindapinda. Akacheka, akalia, akala sahani mbili. Halafu akaniuliza, "Baba alikuwa anajua?" Nikamwambia akuulize wewe. Swali si langu. Sasa anasema kwako harudi, wala shule yako haitaki. Shule inafunguliwa tarehe nne Mei. Hesabu siku zako.

Mama yako

14 Aprili

Mama,

Shikamoo. Barua yako niliifungua ofisini mbele ya walimu wawili, nikaifunika haraka kwa daftari la mahudhurio. Namshukuru Mungu mtoto hana ugonjwa. Hilo la ugonjwa wa mama yake sikulitegemea kabisa.

Lakini nisikilize na mimi. Mwenyekiti wa kamati ya shule, yule mwenye duka la vyuma tunayemwita Mzee Nondo, alikuja amekishika kitabu kwa ncha za vidole kama soksi ya mtu mwingine. "Mwalimu, unawaamsha watoto waliolala!" Akasema wazazi watawahamisha watoto wao, na yeye atakuwa wa kwanza, ana mabinti wanne hapa. Nina walimu sita na madarasa saba, Mama. Nikatumia Jumamosi mbili na wembe, vitabu arobaini na viwili. Ukurasa hata mmoja sikuuchana. Nilijiambia napunguza shari.

Kuhusu binti, mimi ni mwanaume. Tangu mama yake afariki nimejifunza kusuka nywele na kupiga pasi marinda. Hili siliwezi. Hili ni la bibi na mjukuu. Tafadhali malizia ulichoanza, kisha umpandishe basi.

Na usikasirike, ila sisi ulituambia nini? Mimi ulinitupia sabuni na wembe ukasema, "Jitazame." Dada ulimwambia nini? Aliacha shule ana miaka kumi na mitano, na nyumba nzima ikakaa kimya kama hajawahi kusoma.

Mwanao

18 Aprili

Mwanangu,

Umenipiga, na umenipiga penyewe.

Sikukujibu siku ile ile, na si kwa hasira. Nilikuwa natafuta uongo wa kukujibu, nikaukosa.

Siku ya dada yako ilipofika nilimpa kitambaa na maneno sita. "Kuanzia leo kaa mbali na wavulana." Basi. Nikarudi kwenye sufuria yangu. Na alinitii, ndiyo ajabu! Mvulana akikaa kwenye benchi lake, yeye anahama. Mimi nikawa najisifu kwa majirani kwamba wangu ana adabu. Aliyemharibia maisha hakuwa mvulana. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, mpima mizani wa ghalani, rafiki wa baba yenu, mtu aliyekuwa anakalia kiti chetu na kunywea kikombe chetu. Kuhusu watu kama yule sikumwambia mwanangu hata nusu neno. Nilipompigia kelele alinijibu polepole, "Mama, wewe ulisema wavulana." Ni miaka ishirini na miwili sasa, na jibu lile nalisikia kila nikishika sindano.

Kwa hiyo usinifanye mimi ruhusa yako. Mimi ndiye niliyeharibu, nakuonyesha palipoharibika, na wewe unataka kukanyaga hapo hapo na viatu vya ofisini!

Eti mwanaume. Uanaume umekushika ulimi tangu lini? Mbona kwenye gwaride unasikika mpaka barabarani? Mwandikie mwanao kwa mkono wako. Usimletee maneno ya ubao wa matangazo. Mwambie unachojua, mwambie ulichofanya, umwombe msamaha. Mimi bibi nimezima moto, lakini mtoto anamngoja baba.

Na kurasa umezipeleka wapi? Kama umezichoma, nikifa usije.

Mama yako

22 Aprili

Binti yangu,

Hii ni barua ya tano. Nne nimezichana. Moja ilianza na "Kwa mujibu wa", na Bibi yako angenicheka mwaka mzima.

Uliuliza kama nilikuwa najua. Nilikuwa najua. Ulipoanza kunifikia begani nilijua. Nilipokununulia sketi mbili ndani ya mwaka mmoja nilijua. Nikawa naahirisha tu, kama mtu mwenye jino bovu anayekwepa kupita mtaa wa daktari.

Mama yako hakufa kwa hedhi. Alipoteza damu nyingi wakati wa kumzaa mdogo wako, tukiwa mbali na hospitali, na mdogo wako naye hakuishi. Wewe ulikuwa na miaka mitano. Nilikwambia neno moja tu, "damu", nikaliacha likae ndani yako miaka saba. Hilo ni kosa langu la kwanza.

Hedhi ni kitu kingine kabisa. Tumbo la uzazi huandaa nafasi kila mwezi, na kama hakuna mimba, husafisha nafasi ile. Ni siku tatu mpaka saba hivi. Mwanzoni inaweza kuruka mwezi au miwili, usishtuke. Si uchafu, si adhabu, haimzuii mtu kuruka kamba. Tumbo likikuuma sana niambie, twende zahanati. Nitakaa kwenye benchi la nje na sitaingia mpaka uniite.

Na jambo jingine. Mwili wako ni wako. Mvulana, mzee, mwalimu, ndugu, hata rafiki yangu anayekalia kiti chetu sebuleni, yeyote akikugusa usivyotaka, au akikwambia iwe siri yenu, niambie siku hiyo hiyo. Sitapiga kelele. Sitauliza ulivaa nini wala ulipita wapi. Nitakuamini.

Kurasa sikuzichoma. Mtoto wa mshona vitabu hachomi karatasi. Ziko kabati la ofisi, nyuma ya mpira uliotoboka, zimefungwa kwa kamba. Nilimwogopa mtu mmoja mwenye sauti kubwa, nikakuacha wewe peke yako na hofu kubwa kuliko yangu. Nisamehe, mwanangu.

Nimenunua pedi. Nilisubiri wateja watatu waondoke, wakaja wanne. Nikaona basi, nikaagiza kwa sauti ya gwaride, duka zima likageuka. Muuzaji akaniuliza, "Za ukubwa gani, Mwalimu?" Nikachukua saizi zote tatu. Sijafa.

Baba yako

26 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nimesoma mara tatu. Bibi alisoma mara moja kwa kidole, akasema "afadhali", akaenda jikoni akakaa sana. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akasema ni vitunguu. Vitunguu viliisha juzi.

Mimi nimekusamehe kwa upande wangu. Lakini kuna yule msichana aliyekuwa anakaa dirishani, mwenye mwandiko mzuri kunishinda, aliyeacha kuja muhula uliopita. Wewe uliandika "mtoro". Si mtoro, Baba. Sketi yake ilichafuka akiwa ubaoni anafanya hesabu. Wavulana walicheka, na mimi nikacheka ili wasinicheke mimi. Aliweka chaki chini, akatoka, hakurudi. Hakuna aliyejua ni nini. Nadhani hata yeye hakujua. Na majibu yote yalikuwa kabatini kwako nyuma ya mpira.

Kwa hiyo sitaki unirudishie kurasa zangu peke yangu. Nitarudi zikirudi kwenye vitabu vyote arobaini na viwili, na wavulana wasome pia, na wewe mwenyewe uende nyumbani kwao yule msichana. Kama hutaki, Bibi atanifundisha kushona vitabu. Anasema mkono ninao.

Halafu, wavulana wao wanapata nini? Bibi anasema wanapata sauti na kiburi. Ni hivyo tu?

Mwanao

29 Aprili

Mama,

Shikamoo. Mtoto huyu anaandika kama wewe. Sijui nicheke au nikimbie.

Nimeitisha mkutano wa wazazi Jumamosi tarehe mbili, asubuhi, darasa la sita. Mzee Nondo amejibu kwamba atakuja, na alivyojibu kioo cha dirisha kilitikisika. Njoo na mjukuu wako, sindano, uzi na nta. Kama watanifukuza, wanifukuze vitabu vikiwa vizima.

Nimekwenda kwa yule msichana. Mama yake alinikaribisha, akatandika kitambaa mezani kama kwa mgeni wa posa. Mtoto alikuwa anachekecha unga uani. Nikamwambia, "Mwanangu, hukukosa kitu. Nilikosa mimi." Aliendelea kuchekecha unga ule ule ambao ulishakuwa safi. Sijui kama atakuja.

Mwambie binti yangu kuwa sauti na kiburi ni kweli. Mengine yapo ukurasa wa 73, nitamsomea mimi.

Mwanao

3 Mei

Binti yangu wa kwanza,

Tumewashinda! Naandika kwenye meza ya mdogo wako, vidole vimechomekachomeka, na sijawahi kuwa na furaha hivi tangu nistaafu.

Wazazi walijaa mpaka wengine wakakalia madirisha. Mdogo wako unamjua, akisimama mbele ya wakubwa anakuwa kama fomu ya serikali. Jana hakuwa. Akaweka kile kifurushi mezani, akasema, "Hizi kurasa nilizitoa mimi, kwa woga. Binti yangu karibu aache shule, na binti mwingine ameacha. Leo nazirudisha, na Jumatatu nazifundisha mwenyewe, wasichana na wavulana. Mwenye neno aseme."

Mzee Nondo akasimama. Akasema mambo haya yanafundishwa nyumbani, si shuleni, na makofi yakapigwa, si haba. Nikanyanyuka, na magoti yangu haya.

"Shemeji," nikamwita, maana mtu mwenye ubishi namwita shemeji, "sawa, nyumbani. Wewe una mabinti wanne. Umewafundisha nini?"

"Mama yao anajua."

"Nakuuliza wewe."

Basi mkewe akasimama nyuma kule, mwanamke mdogo, mkoba kifuani. "Bibi, usimwonee, hajui. Binti yetu wa pili kila mwezi hakai shule siku nne, anajificha chumbani. Baba yake kila mwezi anamletea dawa ya malaria."

Mwanangu, darasa lile liliangua kicheko mpaka ubao ukateleza! Mzee wa watu kageuka nyuma. "Kila mwezi?" anamwuliza mkewe. "Kumbe mimi kila mwezi...?" Mkewe akamwambia, "Mimi mwenyewe sikuwa na maneno ya kukueleza, baba watoto. Niliambiwa ninyamaze, nikanyamaza." Na hapo hakucheka mtu tena. Wanaume wazima wakawa wanatazama viatu vyao.

Nikaona hapo ndipo pa kushona. Nikafungua kifurushi, nikakata uzi, nikaupitisha kwenye nta. Lakini macho yangu hayalioni tena tundu la sindano. Nikamnyooshea Mzee Nondo. "Wewe unayeona mabaya kwenye kitabu, bila shaka na tundu utaliona." Akanitazama. Nikasema sasa nimemkosea mtu mbele ya mkewe. Akatoa miwani mfukoni, akatia uzi. Akanirudishia, akanyoosha mkono. "Lete nyingine."

Ametia uzi sindano zote, wewe! Wazazi wakasogeza madawati, watoto wakaitwa kutoka uwanjani, nikawaonyesha: fungua kunjo katikati, ingiza, vuta, usikaze mpaka ukakata karatasi. Mjukuu wangu akawa anapita meza hadi meza, "Hapana, alama nyeusi ikae hapa, ngazi isikatike," kama msimamizi wangu wa zamani, ila huyu hana harufu ya tumbaku. Na kila aliyeshona alisoma, maana huwezi kuishika karatasi saa nzima usiione. Mzee mmoja akaniuliza kwa siri kama ni kweli yaliyoandikwa ukurasa wa 70. Ana wajukuu saba.

Tulikuwa tumefika kitabu cha thelathini na kitu msichana mmoja akasimama mlangoni na mama yake. Ni yule wa dirishani. Mjukuu wangu, maana ni mwanao pia, akaenda, akamwambia mbele ya watu wote, "Nilikucheka. Sikujua, lakini nilikucheka. Njoo." Akampa sindano yake. Yule mtoto akakaa mahali pake pa dirishani, akashona kitabu chake mwenyewe. Mishono myembamba, iliyonyooka! Hata mimi mwaka wangu wa kwanza sikushona vile.

Arobaini na viwili vyote vimekwisha. Nimevipanga migongo mbele, nimevitazama. Ngazi zote zinashuka.

Sasa wewe. Nilikwambia "wavulana" nikaona nimemaliza kazi. Ulinitii mimi, na kutii kwako ndiko kulikokuponza. Halafu nikakununia miezi minane kana kwamba wewe ndiye uliyekosa. Hukukosa. Aliyekosa ni yule mwenye ndevu, na wa pili ni mimi niliyekuacha bila maneno. Nilipaswa kukuambia hili kabla mvi hazijanijaa. Sikuombi uniandikie jambo zuri. Nilitaka tu ulisome kwa mwandiko wangu, mbaya kama ulivyo.

Mama

21 Mei

Bibi,

Shikamoo. Baba amefundisha sura yote. Siku ya kwanza alishika chaki mpaka ikavunjika, lakini siku ya pili alikuwa sawa. Wavulana walicheka dakika kumi. Alipofika ukurasa wa 73 wakaacha, wakaanza kuuliza wao, na kengele ilipolia hawakutoka. Hakuna anayemcheka mtu sasa. Binti wa pili wa Mzee Nondo hajakosa hata siku moja mwezi huu.

Lakini yule wa dirishani jana aliondoka saa nne, na mimi leo nimeondoka saa tano. Usishtuke, si kwa aibu. Ni choo. Vyoo vya wasichana ni viwili na havina mlango, kuna gunia tu, na mtu akisukumwa nje gunia linafunguka. Maji pia ni mpaka uvuke uwanja na kopo. Sasa tunajua kila kitu, Bibi, lakini hatuna pa kwenda.

Shangazi aliandika. Kwenye karatasi kulikuwa na mstari mmoja: "Mwambie Mama nimeisoma, na Ijumaa ijayo nakuja kuongea na wasichana wenu."

Mjukuu wako

25 Mei

Mwalimu Mkuu,

Usijipongeze sana. Sikujua kwamba shule yako inafunga choo kwa gunia. Umewapa watoto maneno, sawa, umefanya kazi ya mwanaume na nimekutangaza mtaa mzima. Sasa wape mlango.

Nenda kwa Mzee Nondo leo, kabla hujala. Mwambie nimemtuma bawaba nne na makomeo mawili, ya kufungia kwa ndani, na asilete yenye kutu. Tafuta seremala, mbao mpime wenyewe, chini msiache nafasi ya mtu kuchungulia. Pipa la maji liwekwe pale pale mlangoni, na ndoo yenye kifuniko ndani, na ratiba ya kujaza pipa uiandike wewe, wavulana wawemo. Dada yako anafika Ijumaa asubuhi. Akikuta gunia, geuza kiti chako uje ukae hapa unilambie gundi.

Alhamisi jioni ingia mwenyewe, funga komeo, usukume mlango kwa bega lako lote. Mlango ukishikilia, niandikie.

Mama yako